Wifi Anayelisha Viluwiluwi

Wifi yangu Mwanamvua anafuga mbu, na ndiyo kazi yake ya mshahara. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee. Mimi mwenyewe nilicheka kwa miaka mingi. Kaka yangu Bwanaheri alipokuja kutuambia anamchumbia binti wa Makurunge anayefuga mbu kwenye maabara ya utafiti, nilimuuliza kama mahari tutapeleka chandarua. Mama yetu, Mungu amrehemu, alinikata jicho, lakini niliona kabisa kwamba na yeye anabana kicheko.

Sisi ni watu wa Mji Mkongwe hapa Bagamoyo. Babu aliuza vitambaa, baba aliuza vitambaa, na mimi nauza vitambaa, dirisha langu la duka linatazama barabara. Tuna maneno mengi na tunajiona. Mwanamvua yeye ametoka kwenye mpunga. Baba yake, mzee Mwinshehe, alikuwa na majaruba mawili bondeni, na watoto wote walishinda humo wakiamia ndege. Huko ndiko alikoanza kuwatazama viluwiluwi. Anasema alikuwa na miaka minane alipogundua kwamba wako wa namna mbili: wanaoning'inia kichwa chini, na wanaolala ubavu kwa ubavu na uso wa maji kama vijiti vimeelea. Hakujua kwamba hao wa pili ndio wanaokua wakaleta malaria. Alijua tu kwamba si ndugu.

Alipomaliza kidato cha nne, watafiti walifika Makurunge kutafuta vibarua wa kuchota viluwiluwi kwa upawa mabondeni. Wenzake walichota chochote kilichocheza. Yeye alileta kopo lenye wale wanaolala tu, hata mmoja wa namna nyingine hakuwamo. Mzungu aliyekuwa msimamizi akamuuliza nani kamfundisha. Akajibu, "Hakuna, nimewaona." Wiki iliyofuata aliitwa maabara, na mpaka leo hajatoka. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili.

Kazi yenyewe ni kulea. Katika chumba chenye joto kama la jikoni kuna rafu, na juu ya rafu kuna mabeseni meupe ya maji, kila beseni na viluwiluwi wake. Wanatoka kwenye yai wakiwa wadogo kuliko chembe ya chumvi. Ukiwapa chakula kingi, maji yanaoza na wanakufa. Ukiwapa kidogo, wanalana wenyewe kwa wenyewe. Mwanamvua anajua kwa kutazama. Anainama juu ya beseni, anatulia kidogo, kisha ananyunyiza unga kwa vidole vitatu, halafu ndipo anapima kwenye mizani kwa sababu utaratibu unataka kupima. Mara nyingi mizani inakubaliana na vidole. Wasomi wamekuja na kuondoka, wengine na shahada tatu, na wote wakifika wanaambiwa jambo moja: ukitaka mbu wazima, muulize dada Mwanamvua.

Hiyo ndiyo heshima yake. Hana cheti cha chuo wala cheo. Ana jina moja tu, kwamba wanaolishwa na Mwanamvua hawafi. Mwaka jana jina hilo lilitaka kuondoka.

Maabara ilikuwa inajaribu dawa za shaba. Wazee wangu wataujua mrututu, ile dawa ya buluu iliyokuwa ikitiwa kwenye vidonda sugu. Mrututu ni chumvi ya shaba, na ziko nyingine za jamii yake, na zote zikiingia majini haziwapendezi wadudu. Kijana mmoja mtafiti, Najim, alikuwa anatafuta ni ipi kati ya hizo inaweza kuua viluwiluwi kwenye madimbwi kwa kiasi kidogo kisichodhuru samaki. Shahada yake ilitegemea jaribio hilo. Mabeseni mengine yalitiwa dawa, mengine yaliachwa na maji matupu ili yalinganishwe. Sheria ni hii: wa maji matupu wakifa kupita kiasi, jaribio zima linatupwa, kwa sababu utasemaje dawa imeua, na hawa wasiopewa dawa nani kawaua?

Basi wa maji matupu wakaanza kufa.

Mwanzo walikuwa wachache. Wiki ya pili wakazidi. Wiki ya nne karibu nusu ya beseni walikuwa wamelala chini, weupe, na waliobaki walikuwa wadogo na wavivu. Maji yakachujwa, yakapimwa, yakakutwa safi, hayana shaba. Joto la chumba lilikuwa sawa. Mayai yalikuwa ya ukoo uleule. Kilichobaki kutiliwa shaka ni mkono unaolisha.

Mkuu wa maabara ni Dokta Yasmini, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hajawahi kumvunjia mtu heshima. Alimwita Mwanamvua ofisini, Najim akiwepo. Wifi alinisimulia siku ileile, amekaa kwenye kibaraza changu na baibui lake hajalivua.

"Kaniambia, 'Dada Mwanamvua, sisemi umefanya kusudi. Labda umechanganya bomba la kunyonyea la mabeseni yenye dawa na la haya mengine. Labda umechoka. Kuanzia mwezi ujao Najim atalisha mwenyewe, wewe utasaidia kuosha mabeseni mpaka tujue.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sijachanganya."

"Basi?"

"Basi. Ningesema nini tena, wifi? Wanakufa. Nawaona kwa macho yangu wanakufa, na chakula nawapa mimi."

Hakulia. Mimi ndiye nilitaka kulia, kwa hasira. Nilimwambia aache kazi, nitampa nusu ya dirisha langu auze madira. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze mtoto. Akanywa maji, akaondoka.

Sasa niseme habari ya chakula, maana ndiko mambo yaliko. Siku zote viluwiluwi walikuwa wanapewa chakula cha samaki wa mapambo, kinatoka nje. Mwaka ule kilikwama bandarini. Dokta Yasmini akaruhusu watengeneze cha hapa, na Mwanamvua akakitengeneza: dagaa wakavu, pumba laini za mpunga wa kwao Makurunge, na hamira kidogo. Kilikubali vizuri. Viluwiluwi wakanenepa mpaka Najim akawapiga picha. Kisha mashine ya kusagia ya maabara ikaungua, na Mwanamvua akawa anatwanga nyumbani kwake kwenye kinu cha mti. Shida ya kinu cha mti ni kwamba unga wake haulainiki wa kutosha kwa wale wadogo wa siku ya kwanza. Ndipo akanijia kuomba kinu cha shaba.

Kinu hicho ni cha bibi mzaa mama. Ndicho kilichotwangiwa iliki na mdalasini wa harusi zote za nyumba yetu. Nikampa kila Ijumaa, naye akakirudisha kila Jumapili, kimeoshwa.

Jioni ile alipotoka kibarazani kwangu, Mwanamvua alikwenda kwake akafungua kabati. Ana tabia moja ambayo Bwanaheri huilalamikia kila siku: hatupi kitu. Kila akitengeneza chakula, anaweka kijiko kimoja kwenye kikopo cha dawa kilichokwisha, anabandika tarehe. Kabati la vyombo limejaa vikopo mpaka vikombe vya wageni vinakaa chini ya kitanda. Akavipanga mezani kwa tarehe, akafungua daftari lake la kazini, akaanza kulinganisha. Mabeseni yaliyokula chakula cha vikopo vya kwanza yalikuwa hai. Kuanzia kikopo cha tarehe fulani, vifo. Dagaa walikuwa wa muuzaji yuleyule. Pumba za gunia lilelile. Akatafuta kwenye daftari kilichobadilika siku ile, hakukiona, kwa sababu hakukiandika. Aliandika dagaa, akaandika pumba, akaandika hamira na uzito wa kila kimoja. Kinu hakukiandika. Nani anaandika kinu?

Kesho yake akanijia asubuhi kabla sijafungua dirisha.

"Wifi, samahani nakuuliza. Kile kinu unakisafishaje kabla ya kunipa?"

Sasa mtu akikuuliza hivyo nyumbani kwako, Mji Mkongwe, si swali hilo. Kwetu chombo cha nyumba hakiendi kwa watu bila kung'arishwa. Sinia, birika, kinu, hata kama kinaazimwa kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, kinasuguliwa mpaka uone meno yako. Aliyekiazima akikipokea kimefubaa, atasema nyumba ile imekwisha. Nikajua anachosema ni kwamba kinu cha bibi yangu ni kichafu.

"Mwanamvua," nikamwambia, na huwa simwiti kwa jina, "kinu kile kimelisha masharifu. Leo kimeua wadudu wako?"

"Sijasema kimeua. Nimeuliza unakisafishaje."

"Kinasafishwa kuliko unavyojisafisha wewe."

Ndivyo nilivyomjibu, sitaficha. Akasema "Haya, wifi," akaondoka. Siku tatu hatukusemeshana. Nilikaa dirishani nikipima vitambaa vibaya, nikijiambia kwamba mtu wa shamba ni mtu wa shamba tu.

Yeye hakunisubiri. Alimwendea Dokta Yasmini akaomba kitu kimoja kabla ya kuvuliwa kazi ya kulisha: mabeseni kumi. Maji mamoja, mayai mamoja, viluwiluwi mia kila beseni. Mabeseni matano ya kushoto atayalisha chakula kilichotwangwa kwenye mti. Matano ya kulia, chakula kilekile kilichotwangwa kwenye shaba, alichobakiza cha Jumamosi iliyopita. Na chakula asitie yeye kwa mkono wake. Atie Najim, asiyejua kikopo kipi ni kipi, ili mtu asije akasema mkono wa Mwanamvua umependelea. Dokta Yasmini alimuuliza hayo kajifunza wapi. Akasema kaona wenzake wakifanya, miaka ishirini.

Siku ya nne nikashindwa. Nilikuwa nimeshika kile kinu, nikitaka kukirudisha kabatini, nikakitazama jinsi kilivyong'aa, nikajisikia haya. Nikapita kwake.

"Ndimu na chumvi," nikamwambia mlangoni, hata hodi sikumalizia. "Nakata ndimu nusu, nachovya kwenye chumvi, nasugua ndani na nje. Halafu nafuta kwa kitambaa kikavu. Siku zote hivyo, mama alinifundisha."

"Husuuzi kwa maji?"

"Maji yanaacha madoa. Kikioshwa kinapoteza mng'aro."

Akakaa kitako palepale kizingitini. Nilidhani kaumwa. Kumbe anacheka, kicheko kile cha mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mkononi. Akanieleza. Ndimu ni tindikali. Inaiuma shaba na kuitoa kidogo kidogo, ikawa chumvi, jamii moja na mrututu. Ile rangi ya kijani inayobaki kwenye kitambaa changu kila Ijumaa, ile niliyodhani ni uchafu unatoka, ndiyo hiyo. Nyingine ilibaki ndani ya kinu, imekauka. Kila Jumamosi alikuwa anatwanga dagaa juu yake.

"Na maji mbona yalipimwa yakakutwa safi?"

"Wanayachuja kwanza ndipo wanapima. Chakula chote kinabaki kwenye chujio. Na hawa, wifi, hawali maji. Wanakula chembe zilizo majini. Shaba imeshikana na chembe, inaingia tumboni moja kwa moja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi na mikono yangu, na heshima yangu ya nyumba, nilikuwa nawatilia sumu watoto wa wifi yangu. Nasema watoto kwa sababu siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba ndivyo alivyowaona. Nikamwomba radhi. Akasema nisiwe mjinga, niingie ndani, kuna uji.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya kuhesabu. Niliomba niende naye. Nilivaa kanga zangu mpya, nikakifunga kinu kwenye kitambaa safi, kwa sababu Dokta alitaka kukiona. Getini mlinzi akaniuliza nimekwenda kumwona nani. Nikamjibu nimekuja na Mwanamvua, akafungua bila kuandika.

Najim alitusalimia shikamoo, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana. Sikumlaumu. Miezi mitatu ya kazi yake ilikuwa inaning'inia. Alihesabu yeye, Dokta Yasmini akaandika. Kushoto, kati ya mia tano, waliopata mabawa walikuwa mia nne sabini na moja. Walikuwa wamejaa kwenye vyandarua vidogo juu ya mabeseni, wanavuma. Kulia walikuwa mia moja na kumi na wawili. Waliobaki walikuwa chini ya maji.

Najim akarudia kuhesabu. Ikawa vilevile.

Tukaingia ofisini. Mwanamvua hakukaa. Alisimama na mikono yake imeshikana mbele, akasema, "Dokta, walikufa kwa chakula. Nilibadilisha kinu sikuandika. Kosa langu."

Dokta Yasmini alinigeukia. "Shikamoo mama. Kinu hiki kilikuwa kichafu?"

"Marahaba mwanangu," nikasema, "kilikuwa..."

"Kilikuwa kisafi kuliko chombo chochote cha humu ndani," Mwanamvua akanikata. "Huo ndio ubaya wake."

Nikaeleza ndimu na chumvi. Dokta akaniomba nisugue mbele yake, akatuma mtu akaleta ndimu jikoni kwa walinzi. Nikasugua, mimi muuza vitambaa, wasomi wamenizunguka kwa makoti meupe, na kitambaa kikatoka kijani. Dokta akakitia kwenye mfuko wa nailoni akaandika tarehe. Najim alikuwa anakitazama kile kitambaa na uso wake unabadilika. Polepole akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba wote walikuwa wanatia shaba kwenye maji, na labda walipaswa kuitia kwenye chakula. Kiasi kidogo kuliko kile alichokuwa anatumia yeye, na kimeua zaidi.

Dokta Yasmini aliweka kalamu chini.

Kisha Najim, kwa wema wake, akasema kwenye taarifa inatosha kuandika kwamba chakula kilichafuka. Hakuna haja ya jina. Mimi nikarukia, nikasema kama ni jina liandikwe langu, Zuwena binti Khamis, mimi ndiye niliyesugua.

"Hapana," akasema Mwanamvua. "Wewe ulisafisha chombo chako. Kuuliza ilikuwa kazi yangu, na kuandika ilikuwa kazi yangu." Akamgeukia Dokta. "Andika mimi. Haya mabeseni kumi ni ya nani?"

"Ni yako," akasema Dokta Yasmini.

"Basi na yale yaliyokufa ni yangu. Yaandike yote."

Nilimwona wifi yangu wa kutoka kwenye mpunga, na kanzu yake ya kazini imepauka mabegani, na nilijua kwamba anaposema hivyo anaweza kuwa anajitoa mwenyewe kazini. Alijua pia.

Dokta Yasmini akasema barua ya onyo itabidi iandikwe, utaratibu ni utaratibu. Mwanamvua akaitikia kwa kichwa. Jaribio la zamani litatupwa, jipya litakuwa la shaba kwenye chakula, na Najim atalianza upya. Akaitikia tena. Kisha Dokta akarudisha kifuniko cha kalamu.

"Na kulisha," akasema, "utalisha wewe, dada Mwanamvua. Mabeseni yote, na ya jaribio jipya. Sina mtu mwingine humu ambaye amejipima mwenyewe mbele yangu. Pumzika leo, uanze kesho."

Nilitazamia atalia, au atashukuru, au atanishika mkono. Alitazama saa ya ukutani.

"Kwa nini kesho?" akasema. "Wale wa rafu ya mlangoni hawajala tangu asubuhi. Naomba mnipishe."

Akatoka. Kupitia kioo cha mlango tulimwona akinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha, akainama juu ya beseni la kwanza na kutulia vile anavyotulia.

Nilimgusa Najim begani. "Yule," nikamwambia, "ni wifi yangu."

"Najua, mama," akasema.

Nikamwambia tena.